Maua ya Dhahabu ya Harusi ya Zuhura

Raheli alikuwa na miaka tisa ya kuoka keki pale Iguguno, na keki ya Zuhura hakutaka imshinde. Zuhura alikuwa binti wa Rukaiya, na Rukaiya ndiye aliyekaa dawati moja na Raheli tangu darasa la kwanza.

"Maua yang'ae kama bangili mpya," Rukaiya alimwagiza.

Maua ya sukari aliyafinyanga, ishirini na manne, yakakauka vizuri. Taabu ilikuwa kwenye rangi. Unga wa dhahabu wa kuliwa aliukoroga kwa maji, akapaka ua la kwanza. Sukari ikalowa, petali zikalegea, dhahabu ikatoka madoa madoa kama kutu. La pili likawa vilevile. Ndipo akakumbuka alichofundishwa Singida mjini: koroga kwa pombe kali isiyo na rangi, maana hukauka kabla sukari haijalowa.

Alijua vizuri keki inakwenda nyumba ya Waislamu, wasioonja pombe. Hata hivyo alinunua kichupa, akakifunga kwenye kanga kama mwizi. Itakauka yote, alijiambia, nani atajua? Akapaka. Maua yakang'aa hata yeye mwenyewe akashangaa.

Asubuhi ya harusi akaipeleka. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani wakaacha kazi, wakapiga vigelegele. Mama mkwe wa Rukaiya, bibi mzee wa Misigiri, akasogea karibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepaka nini hata ing'ae hivi?"

"Unga wa dhahabu na maji tu, bibi."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomtisha.

"Mnaona?" Rukaiya akawaambia wenzake, mkono begani mwa Raheli. "Kwa wengine nauliza kila kitu. Kwa huyu siulizi, ni ndugu yangu."

"Basi mimi nitakula ua," bibi akasema. "Nyama siiwezi tena."

Raheli akaaga. Alifika barabarani, akasimamisha bodaboda, kisha akashindwa kupanda. Uso ulimwaka kana kwamba watu wote wanamtazama, na hapakuwa na mtu ila dereva. Akarudi, akamwita Rukaiya chumbani, akamweleza yote, macho chini.

Rukaiya akafunga mlango.

"Ungeniambia jana, ningesema leta maua meupe. Yangetosha."

"Nilitaka yapendeze."

"Yamependeza. Lakini umeniamulia, Raheli. Nimekusifu mbele za watu, na wewe umesimama pale unanisikiliza."

Wakayang'oa maua pamoja, wakakwangua na krimu yote ya juu. Keki ikabaki na makovu kama ukuta uliobanduliwa plasta. Raheli alipomwomba Rukaiya awaambie wale wanawake kwamba maua yameharibika, Rukaiya akatikisa kichwa.

"Kamwambie bibi mwenyewe. Mimi sisemi uongo wako."

Raheli akaenda uani, akapiga magoti mbele ya yule mzee, wote wakisikia. "Bibi, nimekudanganya. Hayakuwa maji. Ilikuwa pombe. Nisamehe."

Mmoja akaguna, mwingine akavuta ungo wake kando. Bibi akamtazama sana.

"Afadhali sijala," akasema mwishowe. "Inuka, mavumbi hayo."

Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemkaribisha pilau. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Baadaye alijifunza njia nyingine: kulipaka ua mafuta kidogo ya alizeti, kisha kupitisha unga mkavu kwa brashi laini. Hung'aa kwa upole, si kwa ukali ule. Miezi miwili baada ya harusi akampelekea Rukaiya ua moja la namna hiyo.

Rukaiya alilipokea, akaligeuza, akaligusa kwa kidole.

"Umepaka nini?" akauliza.

Raheli akamtajia kitu kimoja kimoja, taratibu, masikio yakimwaka. Rukaiya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaliweka ua mezani bila kulila, akaenda kumchemshia chai.