Jina Ambalo Sikulitaja

Nilikuwa nikijaza maji kwenye mabakuli ya madhabahu, kama kila asubuhi, Gyalzen, mpagazi mwenzake mume wangu, alipotokea mlangoni akihema. Nikamkaribisha chai ya siagi. Hakuingia. Akanivuta hadi zizini, akaniambia mume wangu ameporomoka na mzigo wake karibu na daraja, na kwamba wamemlaza kwa mjomba wake, kijiji cha ng'ambo ya mlima.

"Hakuamka, dada. Mama mkwe wako usimwambie hapa, hataweza kupanda. Na lama wa hekalu amesema mwili utachomwa kesho alfajiri."

Nikarudi ndani kwa mama mkwe, ambaye sote tulimwita Ama, yaani mama. "Ama, mwanao ameumia mguu. Anakuita."

Sikulitaja jina la mume wangu. Kwetu mtu akishakufa jina lake halitajwi, roho yake isije ikageuka nyuma ikapotea njia.

"Mguu tena!" Ama Kesang akacheka, akifunga viazi na jibini kavu kwenye kitambaa. "Miguu ya mbuzi, akili ya kuku. Twende."

Njiani hakunyamaza. "Phurba akiniona atajifanya anakata roho, utaona."

"Ndiyo, Ama."

"Ndiyo, Ama! Mke gani wewe, huna hata neno la kumsengenya mumeo?"

Kwenye mteremko wa mawe tukakutana na jirani yetu Mingkyi, akitokea huko na kapu mgongoni.

"Wee Mingkyi! Umemwona Phurba wangu? Bado anapiga kelele?"

Mingkyi akanitazama, kisha akaanza kukazakaza kamba ya kapu lake. "Nimemwona mwanao, Ama. Amelala."

"Si nilijua! Mvivu yule."

Mingkyi akamshika mikono, akakaa nayo muda mrefu mno kwa salamu ya njiani, halafu akaenda zake bila kugeuka. Kuanzia hapo Ama akatangulia mbele yangu. Nilisikia fimbo yake tu, na pumzi.

Juu kabisa, penye bendera za sala, aliketi juu ya jiwe. Moshi wa kijiji ulionekana bondeni. Nikamfungulia viazi, hakuvigusa.

"Yangji. Mtaje mumeo."

"Ama, kula kwanza, upepo huu..."

"Tangu asubuhi kwako ni mwanao, na ndiyo, Ama. Na Mingkyi naye, mwanao. Mimi nimemtaja kila kona, nangoja mmoja wenu alitaje nami." Sauti yake ikashuka. "Mwite mara moja tu, mwanangu. Kisha tushuke, hata mzigo wako nitabeba mimi."

Nikafungua mdomo. Jina lile nililiita kila siku, kumwamsha, kumgombeza, kumwambia chai inapoa. Ama alikuwa ameniinulia uso kama mtoto anayengoja kulishwa, nami nilitamani sana kumpa. Nikapiga magoti kwenye theluji, nikaishika mikono yake.

"Amekufa, Ama," nikasema. "Mwanao amekufa. Tunakwenda kumuaga."