Mate ya Kulowesha Fundo

Kitanzi cha kwanza asubuhi hiyo kilikuwa cha mshipi wa kijani. Khalayi alikitia mdomoni, akakilowesha, akavuta. Neno “limau” likamtoka. Hakulijutia, maana alikuwa bado na “ndimu”.

Ndiyo kazi ya pale ghorofani, mtaa wa Lucky Summer, juu ya duka la rangi. Mishipi ya kuvulia samaki huja imeviringwa, nayo wanawake huiunganisha na ncha nzito ya kuzama majini, kisha mbele ya ncha hufunga uzi mwembamba ambao samaki hauoni. Kitanzi hupita ndani ya kitanzi, fundo hufungwa, lakini kabla ya kukazwa ni lazima lilowe. Fundo likikazwa kavu huungua kwa ndani, na samaki wa kwanza analikata. Basi hulilowesha kwa mate, na kila fundo huondoka na neno moja la aliyelifunga, asiweze kulitamka tena. Huko ng'ambo wateja wakitupa mishipi mtoni, husikia maneno yakinong'ona chini ya maji. Wanasema samaki huyafuata. Oda zimeongezeka.

Ukiwa mjanja, unapolowesha unafikiria neno usilolihitaji, na hilo ndilo linalotoka. Jacky, wa meza ya pili, alikuwa akiota mchana, “sitaki” likamponyoka. Wa kwanza kugundua alikuwa Ng'ang'a, msimamizi wao. Tangu hapo Jacky ndiye hushika zamu zote za Jumapili.

Khalayi alikuwa mjanja. Alianza na majina ya mawifi, akaja kwa mboga asizozipenda, kisha matusi, ingawa matusi, jamani, aliyalilia. Kuishi ploti yenye choo kimoja bila hata tusi moja ni adhabu. Jina la bintiye, Mourine, alilificha ndani kabisa. Jumamosi wageni wangekuja kumposa, na kwao msichana hatoki chumbani mpaka mama yake amwite kwa jina, kwa sauti, wageni wakisikia. Akiitwa na shangazi haihesabiki. Maana yake mama amekataa, na posa imekufa.

Ijumaa ikaingia oda kubwa. Ng'ang'a akatia mlango kufuli, akasema hakuna kutoka mpaka boksi lijae.

“Tupe hata kikombe cha maji, bosi,” Khalayi alisema. “Tutaloweshea hapo.”

“Maji ya nini na mate mnayo ya bure?” Ng'ang'a hakuinua macho kwenye simu. “Mkimwaga kwa boksi, nitauza nini?”

Khalayi aliona kwamba “maji” na “bosi” hayangemfaa tena, akayatoa. Yakafuata “chai”, “asante” na “pole”. Kufikia jioni alibaki na jina moja na mshipi mmoja. Mshipi huo aliukaza kavu.

Ng'ang'a aliuvuta kuujaribu, ukakatika.

“Wee mama, unataka nirudishiwe mzigo? Rudia.”

Jacky alinyoosha mkono amsaidie. Ng'ang'a akausukuma mkono huo kando. Kila mtu na meza yake, alisema. Wenzake Khalayi walikuwa wamesimama mlangoni na mikoba yao, watoto wanawangoja, wote wakimtazama. Khalayi alitia kitanzi mdomoni, akakilowesha, akavuta. Kufuli likafunguliwa.

Jumamosi mjomba wa kijana, Mzee Opicho, alimaliza chai yake, akajipangusa mdomo. “Haya mama, tuitie binti yetu.”

Khalayi alifungua mdomo. Alipiga meza, akaonyesha pazia kwa kidole, machozi yakamtiririka. Wifi yake Khavere aliita “Mourine!” mara mbili, tena kwa nguvu, na wageni wakamsubiri kwa heshima amalize. Kisha Opicho akasema wameelewa, wakapeana mikono, wakaondoka.

Mourine alitoka nyuma ya pazia na gauni lake jipya.

“Maneno yote hayo, Mama, ukatoa langu? Si ungetoa hata la Mungu?”

La Mungu lilikuwa limetoka Ijumaa mchana, lakini Khalayi hakuwa na namna ya kumwambia.

Jumatatu mdomo wake ulikuwa mkavu, na mafundo hayakushika. Ng'ang'a aliyavuta moja baada ya jingine, yakaachia. Hakukasirika.

“Umekauka, mama. Si una msichana hapo nyumbani? Mlete. Huyo bado amejaa.”

Jikoni hapakuwa na kitu, kwa hiyo Jumanne Mourine alikaa kwenye kiti cha mama yake. Khalayi alimsindikiza hadi mlangoni, akabaki amesimama pale ameshika sweta ya bintiye. Mmoja wa wanawake alimwonyesha Mourine jinsi ya kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, akamwelekeza achague neno ambalo hatalihitaji tena.

Mourine hakufikiri sana. Alitia kitanzi mdomoni, akatoa “mama”, akavuta.

Ng'ang'a alilijaribu fundo hilo kwa mikono miwili. Lilishika.