Kiondo Chini ya Mti wa Krismasi

Nyokabi alishinda asubuhi nzima Westlands akitafuta sketi ya mti wa Krismasi. Ndiyo, sketi. Babu zetu wangesikia kwamba siku hizi mti huvalishwa sketi wangeuliza viatu vyake viko wapi. Dukani zilikuwepo nyekundu zenye manyoya meupe, kwa bei ya kumvalisha bibi harusi. Akarudi nyumbani Spring Valley mikono mitupu, akiwaza kwamba shuka kuukuu au gunia la kahawa lililofuliwa lingetosha kuficha ule mkebe wa rangi ambamo lilisimamishwa tawi la saipresi, ndilo mti wao.

Mti wenyewe haukumshughulisha. Alichoogopa ni macho ya mama mkwe. Waceke alikuwa njiani kutoka Nyeri, mara yake ya kwanza tangu Machi mwaka huo, 2006, alipokuja kumwona mtoto wao mchanga. Kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na bibi alipompakata yule Waceke mdogo alicheka akasema, "Leo nimejibeba mwenyewe." Alileta kiondo, kikapu chake cha mkonge, kimejaa ndizi, viazi vikuu na unga wa uji.

Kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mwenye nyumba hutia hata sukari kidogo. Kabla Nyokabi hajatia chochote, nimonia ikamchukua mtoto, na kiondo kikabaki stoo. Utatia sukari gani katika kiondo cha mtu aliyekuja kumwona mtoto ambaye hayupo tena? Hakujua, na aibu ya kutojua ilimfanya asiinue simu kumpigia mama mkwe hata siku moja. Krismasi hii alikuwa ameapa kukirudisha na kuomba msamaha kwa kimya chake.

Alipofungua mlango alimkuta mumewe, Kiragu, akipiga mluzi.

"Umerudi? Ule mkebe ulikuwa umeoza, nikautupa. Ona vile nimefanya."

Mti ulikuwa ndani ya kiondo. Alikuwa amekijaza udongo hadi ukingoni, akaushindilia kwa mikono na kuunyunyizia maji. Na kwa kweli ulipendeza kuliko sketi zote za Westlands. Mwanamume anaweza kuishi na kiondo cha mama yake miezi na asikitambue. Nyokabi alifungua kinywa kusema, kengele ya geti ikalia.

Waceke aliingia na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akawasalimu, kisha akasimama mbele ya mti. Aliinama polepole, akashika mkanda wa ngozi wa kiondo, halafu akaweka kiganja juu ya udongo.

"Hii ni kiondo yangu," alisema. "Nililetea mtoto chakula na hii."

Kiragu alitazama mikono yake yenye matope. "Pole, Mum. Sikujua ni yako. Wacha niitoe."

"Si kiondo nauliza." Hakuutoa mkono udongoni. "Nyokabi, mlimzika wapi? Kiragu alinipigia simu mkiwa mmemaliza."

Nyokabi alipiga magoti kando yake. "Sijui, Mum. Wazee wa kanisa walisema mama ametoka kujifungua juzi, asiende makaburini. Hata mimi sijawahi kuonyeshwa."

Basi wanawake wote wawili wakamgeukia Kiragu, aliyekwenda makaburi ya Lang'ata na wenzake wawili wa ofisini kumzika mwanawe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majirani, na hata mkewe, walisikia mluzi wake wakadhani amesahau.

Alijipangusa mikono kwenye suruali, ikachafuka.

"Nilirudi huko Juni na msalaba," alisema. "Nilipata makaburi mengine yamejaa hapo, yote yanafanana. Nilizunguka mpaka askari akafunga geti. Sikumpata, Mum."

"Na msalaba?" Nyokabi akauliza.

"Bado uko kwa buti ya gari."