Povu Kwenye Jicho la Kuku

Kuku wa ishirini na tatu alipopepesa macho, Mwinjuma aliona povu dogo pembeni mwa jicho. Alimbana kuku kwapani, akakitikisa kichupa cha kudondoshea chanjo. Povu likapanda mpaka shingoni mwa kichupa.

"Bibi, hiki kichupa ulikioshaje jana?"

"Kama ulivyosema. Mpaka king'ae." Bi Biasha alisimama mlangoni mwa banda, kuku wa ishirini na nne mkononi. "Sabuni mara mbili. Mimi si mchafu."

Mwinjuma alikaa juu ya ndoo. Kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, kilikuwa kimeshafika Mzenga, jirani tu. Miaka miwili nyuma kilipopita hapa Vihingo, kilimwachia bibi huyu tetea mmoja tu, na kuku wote waliomo bandani ni uzao wa tetea huyo. Angeweza kumalizia waliobaki na kuondoka. Hakuna ambaye angejua, mpaka waanze kufa.

"Chanjo imekufa, bibi."

"Inakufaje? Si dawa?"

"Ni kirusi cha kideri, ila kipole. Lazima kiingie kikiwa hai, ndipo mwili wa kuku ujifunze kukikataa kile kikali." Alitafuta mfano. "Yale mafuta juu ya mchuzi, matone mawili yakigusana?"

"Yanakuwa moja."

"Basi. Kirusi kimevaa koti la mafuta, na chembe za mwili wa kuku zina ngozi ya mafuta. Kinang'ang'ania pale, kinavuta koti na ngozi mpaka vinaungana, panafunguka mlango, kinaingia. Sabuni inakata mafuta. Bila koti hakina cha kuunganisha."

Bi Biasha aliwatazama kuku wake. "Kwa hiyo tangu alfajiri tunawanawisha uso."

Mwinjuma alicheka, kisha akaacha. "Kosa ni langu. Nilisema uoshe, sikusema uchemshe kwa maji matupu."

"Ungenyamaza nisingejua, daktari."

"Ungejua baadaye."

Bibi alimrudisha kuku bandani. "Nyingine iko wapi?"

"Kibaha, kwenye friji ya duka la dawa za mifugo. Jioni nitakuwa nimerudi. Kesho alfajiri tunaanza upya, wote. Leo wasitoke."

Bi Biasha alibandika sufuria ya maji, akakitumbukiza kichupa. Mwinjuma akaingia bandani, akaanza kufungua vitambaa vyekundu walivyowafunga miguuni kuku waliochanjwa. Alipofika wa tisa, bibi alimwita.

"Hivyo niachie mimi. Gari litakuacha."