Kofia ya Modibo

Teksi ilikwisha kupiga honi chini. Ulyana aliketi juu ya sanduku lake karibu na mlango ulio wazi, kama wanavyoketi watu wote wa Voronezh, Urusi, kabla ya safari: kimya, kidogo tu, ili njia iwe njema. Bibi yake, Faina, alisimama wima na mikono kiunoni.

"Bibi, keti basi."

"Siketi! Niliketi hapa hapa na baba yako, wewe una miezi minane. Akasema anakwenda kwao Bamako kusalimia. Miaka thelathini sasa, bado anasalimia!"

Modibo, baba yake, alikuwa mgonjwa, na aliomba amwone mwanawe kabla hajafumba macho. Ulyana hakumchukia. Mtu usiyemjua utamchukiaje? Lakini kuzaa si kazi, kazi kulea, na mama yake alipokufa ni Faina aliyemlea. Kuondoka bila baraka yake hakuweza.

Nelli, jirani yao, akachungulia. "Haya, Ulyana, hatimaye unarudi kwenu!"

"Kwao wapi?" Faina alifoka. "Kwao ni hapa, ghorofa ya nne! Anajua uyoga kuliko wewe, uliyetaka kutuua na supu yako! Funga mlango wako huko."

Ulyana alicheka. Lakini maneno yale ya Nelli ameyasikia tangu chekechea, kwa ajili ya rangi yake. Na huko aendako, nani atamwambia karibu nyumbani?

Faina akaiangua kofia ya manyoya msumarini. Kila theluji ilipoyeyuka aliipiga brashi na kuitia dawa ya nondo huku akinung'unika. Siku zote Ulyana alidhani ni ya babu.

"Ya baba yako hii. Aliisahau. Na anayesahau kitu hurudi, sote tunajua. Mama yako alinikataza kuitupa. Alipokufa, nikashindwa mwenyewe." Akaipangusa kwa kiganja. "Mpelekee. Mwambie Faina amechoka kungoja."

Ulyana akaipokea. Msumari ukabaki mtupu, na bibi hakuweza kuuondolea macho. Ndipo Ulyana alipoelewa hofu yake. Akavua skafu nyekundu aliyofumiwa na bibi, akaitundika pale.

"Huoni theluji, mjinga wewe? Vaa!"

"Nimeisahau, Bibi."

Honi ikalia tena. Faina akavuta sanduku la pili, akaketi.