Koti la Valerian Mbele ya Maiki

Habari hii nilipewa na Evelyn mwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka jana, tukiwa tumekaa kwao Mwika tunachambua kahawa kwenye kichanja, yeye upande ule na mimi upande huu. Alisimulia bila kuinua macho, punje mbovu akizitupa chini. Naiandika kama alivyoitoa.

Evelyn alikuwa na kazi ya kusoma marehemu. Huku mlimani mtu hazikwi kimya kimya; lazima historia yake isomwe, alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliugua nini, ameacha wajukuu wangapi. Wengi wanaopewa karatasi hiyo hufika katikati wakashindwa, machozi yakawameza. Evelyn hakuwa hivyo. Alikuwa na sauti ya chini, iliyotulia, na alisoma mpaka nukta ya mwisho. Ikafika mahali familia zikaanza kumwomba arekodi kabisa, ili watoto walioko mbali wasikie kwenye simu, na mwaka ukipita ipigwe tena kwenye misa ya kumbukumbu.

Alirekodi kwa simu yake, chumbani kwa mama yake, bibi Dominika. Lawama hazikukawia. Familia moja ilisema baba yao anasikika kama amezaliwa ndani ya debe. Nyingine ikasema pale penye ndoa ya mama yao kuna kuku anatangaza kwamba ametaga.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, ila kilichomlisha ni kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Evelyn alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, na kwa miaka mingi akalima kipande cha chini, kile cha kuanzia mfereji hadi kwenye mti wa mringaringa. Migomba yake ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Baba yao, Valerian, alifariki miaka sita iliyopita. Siku hiyo Evelyn alikuwa ameshuka Moshi kufuata dawa, bibi Dominika alikuwa jikoni anachemsha maji, na chumbani alikuwepo kaka mkubwa, Ebenezeri, peke yake. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walimuuliza Ebenezeri kama baba aliacha neno. Alijibu kwamba baba alifungua mdomo, neno halikutoka. Basi, kwa desturi ya mtoto mkubwa wa kiume, kipande cha chini kikawa chake kama vingine vyote. Mwaka jana akapeleka taarifa kutoka Kwa Sadala, anakoishi, kwamba atakata migomba ile ajenge nyumba ya wageni. Vibarua wangekuja Jumatatu baada ya wiki mbili.

Hayo yakiwa kichwani, Evelyn alishuka Moshi, mtaa wa Pasua, kwa Ally fundi kutafuta maiki.

Ally alimwamkia shikamoo, akafuta meza kwa kiganja, akamwekea maiki mbili.

"Hii ni dainamiki," alisema. "Inasikia mdomo ulio mbele yake, basi. Ukigeuka kidogo imeshakusahau. Hii nyingine ni kondensa. Inasikia chumba kizima. Ukitaka mtu aone kama umekaa naye kitanda kimoja unamsimulia, ni hii."

Evelyn aliuliza ile ya tatu, iliyokuwa ndani ya kabati la kioo, ina nini. Ally akasema ile bei yake ni ndama, wakati hii kondensa ya mezani ni bei ya jogoo wawili na mkungu mmoja, tena inachomekwa kwenye simu moja kwa moja, haihitaji kisanduku kingine cha umeme.

"Ile ni ya watu wa studio, dada yangu. Ukaitumie kwenye chumba cha bati, utarekodi bati kwa bei ya ndama."

Akamuuliza chumba kikoje. Evelyn akasema kuta za mbao, juu bati, dari hakuna. Ally akatikisa kichwa taratibu. Akamfundisha akae shubiri moja kutoka kwenye maiki, asiielekee uso kwa uso bali pembeni kidogo, na nyuma yake atundike nguo nzito, kwa kuwa sauti ikigonga ukuta hurudi na kuharibu, lakini nguo nzito huimeza.

"Ikishaimeza inaipeleka wapi?"

"Inakaa nayo," alisema Ally, akitafuta skrubu sakafuni. "Nguo nyingine ukiziwekea kondensa zinarudisha. Kuna mteja wangu alirekodi kaswida mbele ya pazia la marehemu bibi yake. Mpaka leo kila kaswida ina bibi anafukuza mbuzi. Ifue kwanza."

Evelyn akalipia kondensa, akashukuru, akapanda na maiki yake ikiwa imefungwa kwenye kanga.

Nyumbani nguo nzito ilikuwa moja tu, koti la Valerian. Lilikuwa koti la sufu la rangi ya udongo, lile alilovaa asubuhi za baridi, misani, na kwenye foleni ya mizani ya chama cha ushirika. Evelyn alilitoa sandukuni, akachota maji, akaweka sabuni. Bibi Dominika akaja akamwaga maji yale kwenye shina la mgomba.

"Halifuliwi," alisema. "Bado lina shingo yake."

Evelyn akalitundika hivyo hivyo.

Rekodi ya kwanza ilikuwa historia ya mzee mmoja aliyekuwa seremala. Sauti ya Evelyn ilitoka safi, bila bati, bila kuku. Nyuma yake, mahali seremala alipopata kipaimara, mwanamume alisafisha koo mara mbili, kisha akapiga chafya.

"Baba yako huyo," alisema bibi Dominika, aliyekuwa mlangoni anamenya ndizi. "Ugoro."

Evelyn akasema ndiyo, akarekodi upya. Safari ya pili kulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa ikizungushwa kwa mkono, ule mlio wake wa kukwama kila mzunguko. Mashine hiyo ya baba ilishauzwa kama chuma chakavu zamani. Familia ya seremala iliipokea rekodi vizuri. Walisema hata marehemu alikuwa na mashine kama hiyo.

Tangu siku hiyo, kazi ikiisha, Evelyn aliiacha maiki iwake ikirekodi, na mama na mwana wakagawana hedfoni, sikio moja moja. Koti lilitoa bila kufuata mwaka. Walisikia kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, na vicheko vya watu ambao makaburi yao yameshaota nyasi. Walisikia ng'ombe waliyemwita Bahati, anavyoburuta kamba. Bibi Dominika alisikia jioni aliyoletwa kama mwali, na Valerian kijana akimuuliza kama baridi ya huku inamzidi, kisha akimvika koti mabegani. Pale sauti ikazibwa, kwa sababu koti lilikuwa limemlalia. Bibi alisema pale parudiwe, na palirudiwa siku tatu.

Siku ya nane koti likatoa kitanda. Lilikuwa limening'inia msumarini juu ya kitanda hicho siku Valerian anafariki, kwa hiyo lilisikia vizuri.

"Ebenezeri, niangalie," ilisema sauti, dhaifu lakini wazi. "Kuanzia mfereji hadi kwenye mringaringa ni kwa Evelyn. Alime, ale, azikwe hapo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," ikajibu sauti ya Ebenezeri. Kisha vijiko vikalia jikoni.

Bibi Dominika alitoa hedfoni sikioni, akaipangusa kwa kona ya kanga. Akasema vile vijiko ni yeye aliyekuwa anavipanga, na kwamba maji yale yalichelewa kuchemka kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Baadaye akasema Ebenezeri aitwe.

Ebenezeri alikuja Jumapili baada ya misa, siku moja kabla ya vibarua. Evelyn alimpa kiti, akampa hedfoni zote mbili. Alisikiliza mara ya kwanza akiwa amekaa, mara ya pili akiwa amesimama. Hakuuliza mashine ile imeyapata wapi maneno hayo.

"Ni baba," alisema. "Na anayejibu ni mimi."

Akatoka nje. Evelyn alidhani amekwenda kuwasha gari. Alipochungulia dirishani alimwona anashuka mpaka kwenye mfereji, anakata jani la isale kwenye ua wa mpaka ule ule, analifunga fundo. Akarudi nalo, akapiga goti moja sakafuni, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, nimekosa. Nisamehe."

Huku kwetu jani la isale likiletwa, halikataliwi. Mtu aliyeuliwa mtoto amelipokea. Mtu aliyechomewa nyumba amelipokea. Ukishalipokea, jambo limekwisha, halisemwi tena barazani wala moyoni. Evelyn alilitazama lile jani, likiwa bado linatoka utomvu. Akamtazama mama yake. Bibi Dominika alikuwa analia kwa furaha, maana hajawahi kuona mwanawe mkubwa akipiga goti.

Evelyn akalipokea.

Walikula mtori pamoja. Ebenezeri alikuwa mchangamfu, akataniana na mama yake kuhusu zile kuni mbichi, akasifu maiki na kuuliza bei yake. Alipoaga, akiwa na mguu mmoja garini, akasema kwa upole kwamba basi kesho vijana watakuja asubuhi, awatengee maji ya kunywa.

"Lakini umesikia alichosema baba," alisema Evelyn.

"Nimesikia. Si ndiyo maana nimeomba msamaha?"

Vijana walikuja watatu, wenye adabu. Walimwamkia Evelyn shikamoo, akawapa maji, wakashuka. Walianzia kwenye mringaringa kuja juu. Mgomba haulii sana ukikatwa. Ni panga mara mbili, kisha maji mengi na kishindo kizito cha majani. Masale ya mpakani waliyaacha yasimame, kwa kuwa hawakuambiwa.

Saa nane mchana bibi Dominika akasema kelele zinamuumiza kichwa. Evelyn alimlaza, akawasha maiki, akamvalisha hedfoni. Koti likatoa mvua ya masika ya mwaka ambao hawakuutambua, ikinyesha juu ya migomba ya kipande cha chini, jani kwa jani, na Valerian amejikinga chini yake anapiga mluzi, anangoja ipite. Evelyn alichukua sikio moja, akalala pembeni ya mama yake na viatu miguuni. Alikuwa hajalala usiku kucha. Mama akamwambia asikilize ule mgomba wa kona, jinsi unavyochuruzika kuliko mingine. Evelyn alikuwa ameshasinzia.

Bibi Dominika aliendelea kuusikiliza. Kipande cha chini kilipokuwa kitupu kabisa na vijana wameketi kunywa maji, mvua ilikuwa bado haijakatika, naye akavuta pindo la koti lililokuwa limening'inia karibu, akalifunika bega la binti yake, akageukia ukutani, akalala.