Jengo Lililogoma Kuhama

Kwa miaka ishirini na miwili Halvor Stenerud alichora na kujenga miji minne katika nyika ya Dakota, Marekani, na hakuna hata jengo moja lililobaki pale alipoliweka. Kosa halikuwa lake. Reli ilipopita mbali, watu waliziinua nyumba zao za mbao, wakaziweka juu ya magogo, wakafunga maksai na kuifuata. Kanisa lake la kwanza lilihama mara tatu. La pili liligeuzwa ghala la ngano.

Mwaka 1886 mji wetu wa Pell ulimwomba aujengee mahakama. Akaijenga kwa mawe, kuta zenye unene wa futi mbili. Mimi, karani wa wilaya, nilimuuliza sababu.

“Nataka kufa nikijua jengo langu moja lilipo.”

Miezi mitano baadaye reli ilipita maili tisa kusini, na mji ukahama. Hoteli ya Bi. Cragg ilivutwa na maksai arobaini, wageni wakiwa ndani wanakula mayai. Ilipofika mbele ya mahakama, mwenyewe alitoa kichwa dirishani.

“Stenerud! Funga maksai, twende!”

“Siendi, mama. Na hii haiendi.”

“Basi ibomoe, kichwa kigumu wewe! Mawe tutabeba!”

“Bomoeni nyie. Chokaa niliikoroga mwenyewe.”

Walijaribu siku mbili. Walivunja nyundo sita, wakang’oa jiwe moja tu la ngazi.

Ndipo mfugaji Amos Tuttle, aliyenunua viwanja vilivyoachwa, akamshtaki Stenerud: jengo linaziba njia ya ng’ombe kwenda mtoni, liondolewe. Wilaya haikuwa na mahakama nyingine, hivyo kesi ilisikilizwa humo humo. Hakimu Whitcomb alifika baada ya safari ndefu ya farasi, amenuna.

“Mheshimiwa, jengo hili ni kero,” alisema Tuttle.

“Mgongo wangu unajua. Utaliondoaje?”

“Kwa baruti.”

“Halafu kesi nisikilizie wapi? Zizini kwako?”

“Hoteli ya Bi. Cragg ina ukumbi mzuri.”

“Mwakani huo ukumbi utakuwa wapi?”

Tuttle alifikiri. “Sijui, mheshimiwa.”

Hakimu aliniamuru niandike hukumu: mahakama ya wilaya iko hapa, na haitahamishwa.

“Isome tena, karani,” alisema Stenerud kutoka kizimbani. “Taratibu.”

Niliisoma mara mbili. Alipoambiwa yuko huru kwenda, alijibu kwamba hana haraka.